Maudhi Madogo Madogo

Muuguzi Tusekile alisema bila kuinua kalamu:
"Kuna maudhi madogo madogo. Usiogope. Yatapita."
Nilitaka kuuliza udogo huo ulipimwa kwa rula gani,
ila siku hizo hata swali lilikuwa mzigo;
nikalimeza, nikapokea bahasha.

Cha kwanza kilikuwa cha usiku, amitriptilini,
kiduchu kama kifungo cha shati la kichanga.
Mdomo ukakauka.
Hapa, Tukuyu! ambako mvua ina funguo za kila nyumba,
migomba inachuruzika, viatu vinaota ukungu uvunguni,
ulimi wangu peke yake ukawa na kiangazi.
Nililala usingizi wa gogo,
asubuhi nikalibeba gogo hilo mpaka kwenye mashine ya kufuma.
Macho yakafifia, nyuzi zikawa mbilimbili.
Nikafuma mkono wa sweta ukampita mtoto wa darasa la tano,
na mwalimu wa Kiwira akalirudisha, akicheka kwa adabu:
"Mama Lusajo, hapa ulimfikiria nani?"
Habari ya choo sisemi. Wiki nzima. Basi, nimeshasema.

Mama mkwe: kuna mtu amekufunga.
Mwenzangu wa kwaya: taa ya imani imepungukiwa mafuta.
Mwenye duka la dawa: "Ahaa, dawa ya mawazo,"
kwa sauti iliyovuka barabara mpaka kwa wauza parachichi.
Jina lake ni sonona.
Nililitamka nikiwa peke yangu, so-no-na,
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine
akakuta kinamwenea.

Tusekile akabadilisha. Taratibu, alisema,
hiki tunakipunguza ndipo kile kianze;
wewe unajua uzi, ukikata ghafla patafumuka.
Cha pili ni kapsuli ya asubuhi, fluoksetini.
Uji ukanigeuka.
Saa tisa za usiku macho kodo, nahesabu malori ya ndizi
yakipanda kwenda Uyole, gia baada ya gia.
Julai, watu wamejifunga mablanketi,
mimi jasho, kama mchuma chai wa saa saba.

Na jambo jingine.
Asajile akinigusa bega, mkono wake naujua,
naupenda hata,
ila yule aliyekuwa akimfungulia mlango ametoka, hakuaga.
Hilo nilimnong'oneza Tusekile huku nikitazama ukutani,
bango la chanjo, mtoto mnene anacheka.
Yeye hakucheka. Aliandika.
"Nalo limo. Wengi hawalisemi."
"Limo kwenye madogo?"
Akainua kalamu, kwa mara ya kwanza.
"Kwenye karatasi ni dogo," alisema.

Wiki ya tano, Jumanne,
muuza uzi wa Mwanjelwa aliongeza elfu moja kwa kila koni,
nikagombana naye.
Nikagombana! Mikono kiunoni,
mpaka jirani yangu Atupele akatoka na ufagio wake kusikiliza.
Miezi tisa nilikuwa nalipa chochote ninachotajiwa.
Nikapunguziwa mia tatu.
Nikarudi ndani, nikakaa, nikalia kidogo,
si kwa huzuni, sijui kwa nini.
Uzi ule ulikuwa wa kijani.
Nilikuwa nao mwaka mzima, kijani hicho hicho.

Bado natoka jasho. Mlango wa Asajile unafunguka nusu,
naye amejifunza kuketi kizingitini
akinisimulia habari za mnadani.
Mwezi ujao nitauliza kama kuna cha tatu.
Mlima Rungwe sijauona tangu Alhamisi, wingu limeukalia;
hakuna anayesema umehama.
Lile sweta la mkono mrefu sikulifumua.
Lusajo analivaa, kaukunja mara mbili,
na kwenye mkunjo huo anaficha karanga.